Kingo za Dirisha la Mtandao

Siku mliponiaga kituoni nilipostaafu, mmoja wenu alinishika mkono akaniambia, "Madam Conso, utuandikie hizo stori zako kabla usahau." Tangu hapo nimekuwa nyumbani Rangwe, kuku wamenizoea, na kusahau bado sijaanza. Basi nawaandikia. Vyeo sitavigusa kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaolipwa ninyi. Nataka kusema juu ya dirisha la mtandao, hili ambalo siku hizi kila mtu analifungua bila kulitazama, na juu ya mzee mmoja wa Karungu aliyelitazama vizuri.

Nilianza kazi Homa Bay mjini, kwenye saiba ya Bwana Salim. Alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani akahamia huku zamani, na saiba yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka lake la vitambaa, chenye kompyuta chache za migongo mirefu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha kupiga chapa. Nilidhani kompyuta ni taipureta iliyoolewa na televisheni.

Siku ya kwanza hakunipa soda wala maelezo ya kazi. Alichukua katoni ya sabuni, akakata kipande kwa kisu, akakibandika kwa seloteipu katikati ya kioo cha kompyuta. Ukabaki ukanda mwembamba tu wa kuonekana, pande zote nne.

"Haya, nambie mwanangu, waona nini?"

"Sioni kitu, Bwana. Umeziba."

"Nimeziba picha tu. Dirisha lenyewe lipo. Hebu taja."

Nikataja kwa kubabaika. Juu kabisa, jina la ukurasa. Chini yake kisanduku kirefu cheupe, cha anwani. Kushoto mishale miwili, mmoja wa kurudi nyuma na mwingine wa kwenda mbele, na kando yake alama ya kuzunguka, ya kuuita ukurasa upya. Kulia, ukanda mwembamba wenye kipande kinachopanda na kushuka. Chini, mstari wa kijivu uliokuambia ukurasa umefika wapi kufunguka, na wakati ule kati ya kuanza na kumaliza ungeweza kunywa chai na kuosha kikombe.

Bwana Salim aliniuliza kila kimoja kinafanya nini, kisha akaniuliza kila kimoja kinasema nini. Hilo la pili ndilo alilolijali. Mshale unatii, alisema, ukiubonyeza unakwenda. Lakini kisanduku cha anwani kinakuambia uko kwa nani, na ukanda wa kulia unakuambia kama umeona yote au bado. Picha ya katikati imewekwa na mtu anayetaka uitazame. "Kingo hazina haja nawe," alikuwa akisema, "kwa hivyo ziulize hizo kwanza." Alinifundisha hivyo wiki nzima, huku wateja wakinitazama nikiongea na kipande cha katoni, na baadhi yao wakaanza kunionea huruma.

Wateja nao walikuwa shule. Mwalimu mmoja aliandika barua yote ya kuomba ruhusa ya ugonjwa ndani ya kisanduku cha anwani, akabonyeza, na mashine ikaanza kutafuta malaria yake dunia nzima. Padri mmoja alikuwa akiambiwa kila Ijumaa, kwa maandishi yanayowakawaka, kwamba ameshinda simu. Alishinda simu nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua, na hadi leo anatumia ile ya vitufe. Kulikuwa pia na wakati ambapo kila programu iliyoingia kwenye kompyuta ilileta mstari wake wa vitufe na kuupachika juu ya dirisha, mmoja juu ya mwingine, mpaka ukurasa wenyewe ukabaki mdogo kama kiberiti. Kila asubuhi Bwana Salim alifagia sakafu, kisha akafagia hiyo mistari.

Vichupo vilipokuja, vile vya juu ambavyo ninyi mnaviita tabu, vilituletea kazi mpya. Mama mmoja mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wa kisiwa cha Takawiri, alikuwa akivuka kwa boti ya asubuhi kuja kusoma barua za mwanawe. Siku moja alifungua kichupo cha pili bila kujua, barua ikapotea machoni, akaweka mikono kichwani.

"Madam! Imekula barua ya Ochi!"

"Haijala, mama. Angalia hapa juu. Barua iko nyuma ya hii, kama shuka ya pili kwa kitanda."

"Kwani haijaenda?"

"Haijaenda. Imefunikwa tu."

Baada ya hapo alikuwa akiingia mlangoni akitangaza kwa sauti kwamba amekuja kufunua, na wanaume waliokuwa wakisoma habari za mpira wakageuka wote. Nilimpenda sana mama yule.

Simu za mkononi zilipoingia kila mfuko, saiba ilikonda, na Bwana Salim akaifunga akabaki na vitambaa vyake. Mimi nilichukuliwa na kituo cha jamii cha hapa Rangwe, kisha nikahamishiwa Karungu, upande wa Migori, ambako nilimalizia kazi. Katoni nilikwenda nayo. Wenzangu wa Rangwe walikuwa na projekta na picha za rangi za kufundishia, na walinicheka, wakiuliza kama nauza sabuni. Lakini wanafunzi wangu walijua waliko hata ukurasa ulipobadilika sura, na kurasa zinabadilika sura kila siku.

Kituo cha Karungu mnakijua. Ni ukumbi mmoja wa mabati, una antena yake ya mtandao juu ya paa, na upepo wa ziwa unaingia humo bila kubisha hodi. Asubuhi moja aliingia mzee mrefu mwenye mikono migumu, akavua kofia. Nilimjua kwa sura. Alikuwa Mzee Ogutu, mjenzi wa mashua. Nilijua pia kwamba ana msiba. Binti yake Adhiambo alikuwa amefariki ng'ambo, kwenye nchi ya baridi alikoolewa, na kwa kuwa kwetu mke huzikwa kwa mumewe, angezikwa hukohuko. Mazishi yangerushwa moja kwa moja kwenye mtandao.

"Wewe ni nyar kanye?" aliniuliza, yaani binti wa wapi.

"Rangwe, baba."

"Sawa, Nyar Rangwe. Nimeambiwa mazishi itaonekana hapa. Nataka unifundishe hii mashine."

"Mos ahinya, baba. Pole sana. Lakini usijisumbue na kujifunza. Siku hiyo mimi nitafungua, wewe utakaa tu uone."

"Hapana. Mimi sikai ndani ya chombo sijui."

Nilimvutia kiti. Akakaa, akazungusha kofia mikononi, halafu akanieleza kilichomleta hasa. Adhiambo alipoondoka kwenda kuolewa na mtu wa mbali, yeye alikuwa hataki. Alisimama langoni kwake, mbele ya ndugu na majirani, akamwambia asikanyage hapo tena. Hasira ilikwisha miaka mingi iliyopita. Walikuwa wakizungumza kwa simu, na alikuwa akiwauliza wajukuu habari za shule. Lakini lile neno hakulirudisha. Alikuwa akingoja binti aje nyumbani, alirudishe mahali pale, watu wakisikia, kwa sababu lilisemwa watu wakisikia. Kwetu neno la mzazi haliondolewi kichinichini. Na sasa Adhiambo hangekuja.

"Nimekataza watu kulia kwangu," alisema. "Tangu habari ifike hakuna mtu amelia. Wanasema mimi ni jiwe. Lakini nitalilia aje mtoto nimefukuza? Nitoe hiyo neno kwanza, kabla aingie chini. Akiingia nayo, mimi nimemuua mara ya pili."

Nilimwambia tutafanya tuwezavyo.

Mpango wa familia yake ulikuwa rahisi. Atieno, binti mkubwa wa marehemu, angempigia babu yake simu pale kaburini wakati wa wazee kusema, aiweke kwenye kipaza sauti, na Mzee aseme neno lake, watu wa kule na wa huku wakisikia. Sisi tungeona yote kwenye kompyuta. Hata hivyo Mzee alitaka kulijua dirisha, na akaja kila asubuhi. Nikatoa katoni.

Alijifunza kama fundi. Hakubonyeza chochote kabla hajauliza kilichofungwa upande wa pili. Alikuwa akionyesha kila sehemu kwa penseli yake ya useremala, bila kugusa kioo. Kisanduku cha anwani alikielewa mara moja, akasema kila ufuko una jina. Kwenye ukanda wa kulia alisimama zaidi.

"Hii inapanda na kushuka ni ya nini?"

"Inakuambia ukurasa haujaisha, baba. Hapa unaona kipande tu. Hiki kikiwa juu, jua kuna mengine chini hujaona."

"Kama mashua majini," alisema, akaenda kwenye sehemu nyingine.

Siku ya mazishi ukumbi ulijaa mapema. Walikuja wa ukoo, majirani, na akina mama wa kanisa na sare zao. Min Adhiambo, yaani mama wa marehemu, alikaa mbele kabisa kando ya mumewe, mikono mapajani, macho makavu. Simu ya Mzee tuliiweka mezani karibu na kibodi, na alama zake za mtandao zilikuwa zimejaa.

Nilifungua ukurasa, video ikaja safi. Jeneza lilikuwa juu ya kaburi, watu wamevaa makoti mazito, na Atieno amesimama kando ya padri. Omondi, mpwa wa Mzee aliyekuwa amefika kutoka Kisumu, aliinama kwangu.

"Madam, wamama wa nyuma hawaoni. Ebu jaza hiyo picha."

Lilikuwa ombi la haki. Akanisaidia kuijaza, na picha ikachukua kioo kizima, pembe hadi pembe. Akina mama wa nyuma walipoliona jeneza wakaanza kuguna, na Mzee akainua mkono bila kugeuka. Wakanyamaza.

Tukatazama. Padri alisoma, kwaya ikaimba. Ikafika zamu ya wazee, na mzee mmoja wa upande wa mume akasema maneno machache. Kisha Atieno akaweka simu sikioni. Sote tukaitazama ile ya mezani. Haikulia. Atieno akaishusha, akaibonyeza tena, akaiweka sikioni. Ya mezani ikalala tu hapo na alama zake zimejaa. Padri alimnong'oneza kitu, kwaya ikaanza wimbo mwingine, na Atieno akainamia simu yake, vidole vikienda mbio. Akainua uso akatazama kamera. Akainama tena.

"Maskini, amezidiwa," mtu akasema nyuma yangu.

"Anaomba," akasema mwingine.

Wimbo ukaisha. Kwaya ikaanza mwingine, na wanaume wanne wakasogea kwenye kamba. Nikaona mkono wa Min Adhiambo umeshika ukingo wa kiti.

"Nyar Rangwe," alisema Mzee. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Huyu mtoto halii wala haombi. Ananiita. Kingo za dirisha zimeenda wapi?"

Nikabonyeza kitufe cha pembeni ya kibodi, picha ikarudi kuwa ndogo, na kingo zikatokea zote. Ukanda wa kulia ulikuwa pale, kipande chake kiko juu kabisa. Nikakishusha. Chini ya video palikuwa na sehemu ya watu kuandika, imejaa pole za wageni kutoka kila mahali, na katikati yake jina la Atieno, tena na tena, akimwita babu yake Kwara, kama wajukuu wa kwetu wanavyoita.

"Kwara, simu yako haiingii."

"Kwara, andika hapa. Nitasoma mimi."

"Kwara uko? Padri anasema hatuwezi ngoja sana."

Omondi aliinyakua simu ya mezani, akaitazama vizuri, akaguna. Mnaoishi ufukoni hamtashangaa. Ilikuwa imevuka mpaka. Alama zote zile zilizojaa zilikuwa za mnara wa Tanzania, na kila aliyepiga aliambiwa mwenyewe hapatikani.

"Sema, baba," nikamwambia. "Sema nitaandika."

Alisimama ndipo akasema. Hakusema haraka, ingawa mimi nilitamani aseme haraka. Alisema kwa Dholuo, kwa sauti ya mtu anayehutubia boma, na nikaandika kila neno jinsi lilivyotoka. Nilikuwa nimeingia kwa akaunti ya kituo, hivyo jina ambalo lingeonekana ni la kituo, na nilipomweleza hilo akasema nianze na jina lake. Nikaanza nalo. Alipomaliza nikatuma.

Hapo, vijana wangu, ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Mnajua kwamba matangazo ya moja kwa moja hayaji moja kwa moja. Unachokiona kwenye dirisha kimekwisha kutokea kule, nusu dakika iliyopita au zaidi. Tuliwaona wanaume wameshika kamba. Tukawaona wamezikaza. Kule kwenyewe huenda walikuwa wamemaliza kuteremsha na wanatafuta makoleo, na neno la Mzee limewakuta wanafunika. Nilijua hilo peke yangu ukumbini, na sikuthubutu kumwambia. Niliomba kimoyomoyo, mimi ambaye huwa nasinzia kanisani.

Jeneza likatikisika, likashuka kidogo.

Atieno akainua mkono. Wanaume wakasimama, kamba zimekazika, na jeneza likabaki limening'inia mdomoni mwa kaburi. Akasogea kwenye kipaza sauti, akaisogeza simu karibu na macho, akaanza kusoma maneno ya babu yake kwa Dholuo. Alizaliwa kule, na maneno yalimtoka kwa shida, akikosea hapa na kurudia pale. Lakini hakuacha hata moja.

"Mimi ni Ogutu wa Karungu, mjenzi wa mashua, baba yako. Adhiambo, nilikupa jina la mama yangu. Siku uliyoondoka nilisema neno langoni, watu wakasikia. Leo watu wanasikia tena. Neno hilo nalirudisha, linirudie mimi. Hukunikosea. Kwangu ni kwako na kwa watoto wako. Lala kwa watu wako huko bila kitu juu yako. Nind gi kwe, nyathina."

Alipofika hapo mwisho, ambapo babu anamwambia mtoto wake alale kwa amani, sauti ikamkatika. Padri akamshika bega. Wanaume wakateremsha.

Mzee Ogutu hakukaa mpaka kamba zilipotolewa. Kisha aliigeukia hadhara iliyokuwa nyuma yake, kofia mkononi.

"Mmesikia?"

"Tumesikia, Jaduong'," wakaitikia. Ndivyo tunavyomwita mzee tunayemheshimu.

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Akainama kwa mkewe, akamwekea mkono begani, ule mkono mgumu wa fundi.

"Min Adhiambo," akamwambia, "mtoto wetu amezikwa. Lia sasa."

Mama yule akafungua kinywa, na kilio chake kikagonga mabati. Wanawake wa nyuma wakakipokea, kikatoka nje, na walioko ufukoni wakaacha nyavu wakaja mbio. Mimi nilikuwa nimeinamia kibodi, siwezi kuona hata herufi moja. Na Mzee Ogutu, aliyeitwa jiwe, alikaa chini sakafuni kati ya viti, akajifunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti kuliko wote, akimwita Adhiambo aje nyumbani.